Tone la Buluu Juu ya Ukucha

"Hivi, mama, hayo maziwa unampa mtoto au unasuuzia mashuka meupe?"

Swali hilo Mama Vifungo aliulizwa na jirani yake Jumapili mchana, wamesimama kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mkononi alikuwa na kichupa cha kioo alichokitoa kwenye friji dakika ile, na maziwa ndani yake yalikuwa mepesi, ya kibuluu, kama maji yaliyodondoshewa wino. Jirani alikunja pua kana kwamba ameonyeshwa kamasi. Mama Vifungo alicheka cheko la kuficha aibu, akakifunika kichupa kwa ukingo wa mtandio wake.

Kusema kweli, yeye mwenyewe alikuwa akiyaonea kinyaa, ila hakumwambia mtu. Kwamba Mungu humwekea mtoto riziki yake kifuani mwa mama, hilo aliliamini bila shaka. Lakini nani alimwambia kwamba riziki yenyewe leo itakuwa ya manjano, kesho ya buluu, na ikilala kwenye baridi itajitenga, mafuta juu na maji chini, kama mchuzi uliopoa? Kila alipokitikisa kichupa ili vichanganyike, alitazama pembeni.

Jina la Vifungo alilipata kazini, kwenye karakana ya kushona sare za shule, ambako kwa miaka saba kazi yake ilikuwa matundu na vifungo. Binti yake wa miezi minne alimwacha nyumbani kwa mama mkwe, kwa sababu baba mtu ni dereva wa lori na wiki hiyo alikuwa safarini. Saa nne asubuhi na saa nane mchana Mama Vifungo aliingia stoo, akanawa mikono, akaketi juu ya robota la kitambaa na kujikamua. Mpiga pasi, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopata likizo, hakukosa la kutangaza.

"Jamani, ng'ombe wetu kaenda zizini. Msimsogelee, atawapiga teke."

Wakacheka, naye akacheka nao, maana ukinuna ndiyo umewaongezea kuni.

Friji ndilo lililomshinda kulicheka. Lilisimama kwenye chumba cha pasi, na waliosema mavi ya kale hayanuki, Mungu awasamehe, hawakuwahi kulifungua. Kwenye droo ya chini kulikuwa na mfuko wa kitu cha mtu aliyeacha kazi mwaka jana. Kitu chenyewe kilishaota manyoya ya kijivu na kuanza kutoa ute uliogandisha mfuko kwenye plastiki. Mlangoni kulikuwa na nusu ya kitunguu iliyosinyaa kama sikio la mzee, na kwenye raba ya mlango mende mmoja alibanwa, nusu ndani nusu nje, hakuna aliyemwondoa. Mama Vifungo alifuta rafu ya juu kwa maji ya moto na sabuni, akaweka vichupa vyake nyuma kabisa ndani ya kopo lenye mfuniko. Kila alipoufunga mlango ule alinawa mpaka viwiko.

Sasa, mama mkwe. Huyu alikuwa amechuuza maziwa ya ng'ombe nyumba kwa nyumba kwa miaka ishirini, na mtaa mzima ulijua kwamba haibiwi. Alikuwa na kipimo chake. Aliweka tone juu ya ukucha wa kidole gumba, akainamisha kidole. Tone likisimama, maziwa ni maziwa. Likitiririka, yametiwa maji. Maneno ya jirani yalimfikia kabla nguo hazijakauka, na Jumatatu asubuhi akakipima kichupa cha mkamwana.

Tone lilitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Mgema akisifiwa," alisema, akamwaga kichupa chote kwenye sinki.

"Mama, mimi nitatia maji ili iweje? Namuuzia nani?"

"Sijasema umetia kwa mkono. Nasema mwili wako umechoka. Haya ni maji ya kuoshea mchele, mwanangu."

Jumanne ikawa mbaya zaidi. Mama Vifungo alikuwa amekula mboga za majani siku mbili mfululizo, na kichupa kikatoka na rangi ya kijani iliyofifia. Mama mkwe alikishika kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Aliyamwaga, akalimwagia sinki maji ya moto, kisha akatema mate kando.

"Maji ya dimbwi," alisema. "Hapo vyura wangetaga. Sikiliza, nimeshaagiza maziwa ya ng'ombe kwa mtu wangu wa zamani. Ijumaa mjukuu wangu anaanza. Wewe endelea na vifungo vyako."

Mama Vifungo alijua mtoto akishazoea kingine mchana, kifua nacho kitalegea, na baada ya mwezi hatakuwa na cha kumpa hata jioni. Alikuwa na siku tatu.

Jumatano akabuni ujanja. Maziwa mepesi ya mwanzo aliyatenga, akaendelea kukamua mpaka mwisho, pale yanapotoka kwa shida, tone baada ya tone, meupe na mazito. Hayo ndiyo aliyoyajaza kichupani, akakisukuma frijini pumzi amezibana na macho amefumba, kama kawaida yake, huku pasi zikifoka. Kilipotoka kwenye friji jioni kilikuwa na utando mnene juu, wa rangi ya siagi. Alihisi kioo kina uvuguvugu kidogo, lakini friji lilikuwa linanguruma na taa yake inawaka, akasema labda ni mkono wake. Nyumbani akakiweka kwenye baridi, na Alhamisi asubuhi mama mkwe akapima.

Tone lilisimama juu ya ukucha kama lulu.

"Haya ndiyo maziwa," alisema bibi. "Unaona? Ukitaka unaweza."

Mama Vifungo alikwenda kazini anatembea kama aliyetunukiwa cheti. Saa nane aliitwa kwenye simu ya karakana. Mtoto anatapika.

Harufu ilimpokea mlangoni. Matapishi yalikuwa kwenye godoro, kwenye gauni la bibi, kwenye shingo ya mtoto ndani ya mikunjo yake midogo, mabonge meupe yanayonuka uchachu. Nepi ilikuwa imefurika maji ya kijani mpaka mgongoni. Bibi alikuwa anafuta kwa taulo huku akilia kimyakimya. Mezani kilibaki kichupa, theluthi yake bado imejaa, maziwa meupe, mazito, mazuri. Mama Vifungo alikifungua, akakinusa. Kilinuka kama kitambaa cha vyombo kilicholala sinkini siku tatu. Alikimbilia mlangoni, naye akatapika.

"Uliyanusa, mama?"

"Niyanuse ya nini? Tone lilisimama." Bibi alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Alikuwa anageuza uso. Nikamshikilia kidevu, nikajua ni deko."

Kliniki nesi alimpima mtoto, akasema hajapungukiwa maji mwilini, anyonyeshwe kila anapotaka, na akizidi kulegea arudishwe mara moja. Kisha akaomba kichupa, maana Mama Vifungo alikuwa amekuja nacho. Alikinusa, akakisukuma mbali.

"Haya yamekaa kwenye joto. Kwenye joto la kawaida yasizidi muda wa saa nne tangu kukamuliwa. Kwenye friji linalofanya kazi, siku tatu au nne. Haya yalilala wapi?"

"Kwenye friji."

"Friji lako limekudanganya."

Bibi akaingilia. "Na yale ya buluu, nesi? Na ya kijani, kama dimbwi?"

"Uliyapeleka wapi?"

"Nilimwaga."

Nesi alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyechoma noti akidhani ni karatasi. "Bibi, hayo yalikuwa salama. Ya mwanzo huwa na ubuluu, mboga huleta ukijani, na yakitulia mafuta hupanda juu. Hata yangekuwa na uwaridi, mara nyingi ni chuchu imechanika; mama anakuja tunamtazama, hatukimbilii sinki. Na ya ng'ombe yasubiri mpaka mtoto atimize mwaka. Ukucha wako ni wa ndama."

Bibi alikitazama kidole gumba chake, akakificha ndani ya ngumi.

Ijumaa Mama Vifungo hakungoja saa yake ya kawaida. Saa tatu alikwenda chumba cha pasi, akakuta friji kimya. Plagi ilikuwa chini sakafuni, na kwenye tundu lake imechomekwa pasi ya pili, iliyoletwa Jumatano kwa ajili ya haraka ya kufungua shule. Alifungua mlango. Uvundo ulimpiga usoni, wa moto, mzito, kama pumzi ya mgonjwa. Mfuko wa droo ya chini ulikuwa umetutumka na kupasuka. Ute ulichuruzika mpaka kwenye kopo lake la vichupa, na mende wa kwenye raba hakuwa tena peke yake.

Mpiga pasi alisimama na mvuke wake. "Nachomoa asubuhi, narudisha saa kumi. Nilijua humo mna uchafu tu, dada."

"Mlikuwa na chakula cha mwanangu. Jana alikuwa kliniki."

Mpiga pasi alizima pasi zote mbili. Alifunga pua kwa kitambaa, akakitoa kila kitu kwa mikono yake, akalisugua friji kwa sabuni mara tatu. Pasi ya pili aliihamishia mezani kwa wakataji, na plagi ya friji akaizungushia utepe wa gundi mpaka ikawa kama kidonda kilichofungwa bendeji.

Jioni, mtungi wa maziwa ya ng'ombe ulikuwa umefika, umewekwa karibu na mlango, mfuniko haujaguswa. Mtoto alikuwa amelala, ametulia. Mama Vifungo alitoa kichupa cha siku hiyo, cha baridi, na maziwa yake yalikuwa ya buluu vilevile, maana hakuyachagua tena. Kwenye kifuniko alikuwa ameandika saa na siku.

Bibi alikishika. Kidole gumba chake kikajiinua chenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini, na macho yake yakaenda kwenye sinki. Uso ulimkunjamana, hakuweza kuuzuia.

Mama Vifungo alipiga magoti mbele yake.

"Mama, naomba usimwage kwa sababu ya rangi. Soma saa niliyoandika, halafu nusa. Yakinuka, mwaga bila kuniuliza. Yasiponuka, mpe mjukuu wako, hata ukiona kinyaa."