Dole Gumba Kwenye Utando

Kiwandani kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Mpwa wake alipoajiriwa kwa majaribio alishindwa kumwita vinginevyo, na jina likaambukiza jengo zima. Kazi yake ilikuwa kutazama maji yakipanda.

Alikata kipande chembamba cha utando mweupe, ule unaolazwa ndani ya vipimo vya haraka vya damu, akakisimamisha kwenye kikombe cha maji ya samawati. Kwa macho ni kama karatasi; kumbe ni vitundu vitupu, vidogo kupita vumbi, na maji hupanda humo yenyewe bila kusukumwa. Miaka kumi na tisa ameyatazama na bado hupotea nayo. Hujiona akitembea katika mji mweupe usio na watu, milango yote wazi, maji yakimfuata kimyakimya hadi pale juu ambapo kingamwili za mgonjwa hunaswa, mstari mwekundu ukachomoza.

Siku ile maji yalifika katikati yakagawanyika. Yaliacha kisiwa cheupe chenye mistari ya duara. Dole gumba.

Jora la utando ule lilikuwa limefunguliwa na mtu mmoja tu.

"Ulivua glavu?"

"Mara moja tu, shangazi," mpwa wake alisema. "Nilitaka kuusikia ulaini wake. Na mikono nilikuwa nimejipaka mafuta."

Msimamizi alisogea, akacheka. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Shangazi! Kata hapo utupe, jora lipite. Binti bado wiki mbili athibitishwe. Akiingia daftari la makosa, ndiyo basi tena."

"Chawa hakivunji, lakini maji kimezuia. Na sijui kimegusa wapi kwingine. Mtu atakuja na ugonjwa wake, mstari usitokee, aambiwe mzima."

Akamgeukia mpwa wake. Marehemu kaka yake alifundisha miaka thelathini bila barua moja ya onyo, na huyu ndiye mtoto wake wa pekee. Maji ya samawati yalikuwa yakikizunguka kisiwa taratibu, kana kwamba yanakionea haya.

Akampa mpwa wake kalamu. "Jiandike. Nikikuandika mimi, watasema umekamatwa. Ukijiandika, watasema umesema."

"Na mafuta niyaandike?"

"Yaandike. Nusu ya kweli ni uongo uliooga."

Binti akaandika, kamasi zikimtoka. Jora zima likachanwa. Msimamizi alisoma daftari mara mbili, akasema kuthibitishwa asahau, ila atamwongezea miezi mitatu ya majaribio; hajapata kuona mkosaji akataja hadi aina ya mafuta.

Wakirudi nyumbani, binti alitangulia hatua mbili, amenuna.

"Mama utamwambia wewe?" akauliza bila kugeuka.

"Utamwambia mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni, nikikuona unaruka jambo, nakohoa."