Rufaa Iliyosahihishwa

Mwaka wangu wa mwisho wa sheria tulipelekwa Kahama, kwenye kituo cha msaada wa kisheria kilichoendeshwa na chuo chetu pamoja na wasaidizi wa kisheria wa mjini. Wateja hawakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, nasi hatukuwa na uzoefu. Mnyonge hana haki, walisema wazee. Sisi tulikuja na madaftari kuwakosoa.

Mteja wangu alikuwa mjane kutoka upande wa Bulyanhulu. Shemeji zake waliuza shamba la marehemu kwa mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wakidai yeye hakuwa mke kwa kuwa ng'ombe wa mahari hawakutolewa. Mtu ameishi na mumewe mpaka wakapata wajukuu! Baraza la ardhi likawapa shemeji ushindi. Zikabaki siku arobaini na tano za kukata rufaa. Mjane alitaka jambo moja tu: shambani kuna makaburi mawili, la mume na la binti yake, na mashine isifike pale.

Niliiandika rufaa ile kwa moyo wote. Lakini karatasi ya mwanafunzi haikutoka kituoni bila mwalimu kuipitia, na kazi hizo hizo ndizo zilizotupa alama. Nikaiweka kwenye rundo la kusahihishwa. Mwalimu akaondoka nalo kwenda chuoni, sisi tukaenda likizo. Yeye alidhani ile ni nakala ya kutiwa alama tu, na kwamba ya asili imekwisha kupitiwa nami nimeiwasilisha mahakamani. Mimi niliamini ataiwasilisha yeye. Mjane alikuja kila wiki, akaambiwa faili liko kwa wataalamu.

Niliporudi nilikuta rufaa yangu mezani, imeandikwa kwa wino mwekundu: A, kazi nzuri sana. Muda ulikuwa umepita kwa siku kumi na tisa. Tuliomba mahakama ituongezee muda. Hapo unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, na likizo ya chuo haikukubaliwa kuwa sababu; ombi likakataliwa. Sijawahi kuona aibu kama ile, na bado ninayo.

Mjane alikuja asubuhi iliyofuata, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?”

Nilimweleza yote, hata kosa langu. Kisha akaivuta ile karatasi, akagusa wino mwekundu.

“Hapa pameandikwa nini?”

“Mwalimu anasema nimeandika vizuri.”

“Na makaburi umeyaandika?”

“Nimeyaandika, mama. Ukurasa wa tatu.”

“Wabeja, mwanangu,” akanishukuru kwa Kisukuma. Halafu akauliza kama anaweza kuichukua karatasi, akawaonyeshe wale wa karasha, maana juzi walikuwa wameanza kufyeka karibu na kaburi la binti.

Nikampa, na alama yake.