Hatujambo, Hofu ni Kwenu

Tabu Mfaume wa Mwananyamala alikuwa mpiga teleksi wa ofisi yetu, na laiti wakubwa wangemsikiliza mwaka ule wa tisini, huenda foleni za mafuta ya taa zingepungua. Nasema kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi nilikuwa karani wa masijala, meza yangu ikitazamana na mashine yake, kwa hiyo nilijionea mwenyewe.

Iraki ilikuwa imeingia Kuwaiti, bei ya mafuta imepaa, na kazi yetu ilikuwa kuzibembeleza nchi zenye visima zisitusahau. Akiba yetu ilikuwa ya siku kumi na moja. Nchi moja ya Ghuba ikatuma teleksi: inayo shehena moja ambayo haijapata mnunuzi, na inauliza hali za wateja wake wote wadogo kabla ya kuamua impe nani.

Mkuu wetu, Bwana Kamugisha, aliandika jibu kwa mkono, ukurasa mzima. Tabu alilisoma mara mbili, kisha akanisogezea. Lilianza kwa kuwajulia hali. Likaendelea kwamba sisi huku hatujambo, tunaendelea vizuri na ujenzi wa taifa, hofu ni kwenu tu mlio jirani na machafuko. Shida ya mafuta ilikuwa mstari wa mwisho kabisa, baada ya salamu kwa familia zao.

"Mzee, hii siyo barua ya kwenda kwa mjomba," Tabu alimwambia. "Hao wanasoma teleksi za nchi ishirini. Wataishia kwenye hatujambo."

"Dada Tabu, mtu humwendei kwa kumtupia shida usoni. Adabu kwanza. Piga kama ilivyo."

Akapiga kama ilivyo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Wamefurahi mno kusikia hatujambo. Shehena wanaelekea kuwapa wenye hali mbaya zaidi, na wataamua Jumatano adhuhuri, kabla ya kufunga ofisi kwa mapumziko yao ya wiki, Alhamisi na Ijumaa.

"Kumbe hawasomi mpaka mwisho," Kamugisha akasema, kana kwamba kosa ni lao. Nilitoka nje nikazunguka, nisije nikasema neno la kunifukuzisha kazi.

Ikabaki simu. Siku hizo simu ya nje ulikuwa unaiomba kwa opereta, kisha unasubiri. Jumatano Tabu alifika ofisini akitokea foleni ya mafuta ya taa, dumu tupu mkononi, akaomba simu saa mbili. Saa nne Kamugisha akaondoka kwenda Kurasini, kwenye maghala ya mafuta, kutafuta petroli ya gari la ofisi.

"Ikiingia, ongea wewe," alimwachia maagizo. "Kiarabu unakijua."

Tabu aliandika sentensi moja kwenye karatasi: tumebakiwa na mafuta ya siku saba, tunaomba shehena hiyo. Alinisomea mara tatu.

"Leo mtu asiniletee habari za salamu, Gladness," aliniambia. "Naingia na shida yangu moja kwa moja."

Saa sita kasorobo simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ya upole, nikaisikia mpaka mezani kwangu. Kama Tabu alivyonifasiria baada ya simu kukatika, aliuliza kama ni Tanzania, akauliza mnaendeleaje huko.

"Alhamdulillahi, hatujambo," Tabu akamjibu kwa Kiarabu, bila kusita. "Wazima wote. Ninyi je?"

Kisha mkono ukamwenda mdomoni. Yule bwana alimshukuru Mungu, akasema amefarijika sana maana wengine wana hali ngumu na wako kwenye laini wanamsubiri, akaaga. Tabu aliita haloo, haloo. Opereta akamwambia aombe upya, zamu yake itafika alasiri.

Nilitaka kumfokea. Lakini asubuhi ileile aliniuliza habari za nyumbani nikamjibu nzuri, na mwanangu alikuwa na homa siku ya tatu. Nikarudi kwenye majalada yangu.

Kamugisha alirudi saa saba, shati limelowa jasho, petroli hana.

"Wamesemaje?"

"Wameuliza hali," Tabu alisema akiangalia mashine. "Nikawaambia hatujambo."

"Na shida yetu? Hukuwatajia?"

"Nilikuwa bado kwenye salamu," Tabu akasema, akaanza kulia.