Robine ya Bwana Adrien

Mshonaji Godelive alipopanga chumba uani mwa Bwana Adrien, mtaani Saio, alilipa garanti, yaani kodi ya miezi ya mbele, na walipatana mbele ya mashahidi kwamba maji ya robine, bomba la pale uani, yamo ndani ya kodi. Kwa sababu hiyo tu alikubali chumba chenye mlango uliofungwa kwa kamba.

Mwanzoni mwa 2003, vita ilipoingia mjini, Bwana Adrien aliifunga robine kwa kufuli, akatangaza kwamba maji yamekatika. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, kwa maana kwamba yeye mwenyewe alijiheshimu sana. Na kwa kila uchoyo wake alisingizia vita. Basi Vanessa, binti wa Godelive, akawa anateka maji kwenye chemchemi ya bondeni, ambako wenye bunduki walikuwa wameweka kizuizi. Siku moja walimnyang'anya bido, dumu lake la maji, wakamwambia kwamba akirudi watamchukua yeye mwenyewe.

Godelive alikwenda moja kwa moja kwa mzee Mathieu, nyumbakumi wetu.

"Papa, mutoto wangu hatashuka tena kule. Nililipa maji, nataka maji."

"Nitakuja, mama. Hata kama iko vita."

Kwetu kesi haisikilizwi kwa tumbo tupu, na mwenye nyumba ndiye hulisha. Bwana Adrien, ambaye angeona heri kufa kuliko kuonekana maskini, aliandaa bugali, sombe ya majani ya muhogo na kuku, kisha akahutubia.

"Robine imekufa, muzee. Hata siye tunatumia ya mvua."

Mkewe, Charlotte, akaleta beseni na jagi, akawanawisha wageni kwa ukarimu. Ilipofika zamu yake, Godelive hakuirudisha mikono.

"Ongeza, mama."

Charlotte akamimina.

"Ongeza tena."

Jagi likaisha. Charlotte, mke mwenye adabu, akaenda nyuma ya jiko na kurudi nalo limejaa.

"Papa Adrien," Godelive akauliza kwa upole, "hii kiangazi yote, mvua ilinyesha kwako peke yako?"

Mzee Mathieu aliinuka, mikono ikichuruzika maji, akazunguka jiko. Alikuta mapipa yaliyojaa pomoni na mpira mrefu uliotoka kwenye robine.

"Adrien! Mvua yako inapita mu mupira?"

"Ni maji ya familia, muzee."

"Na huyu mama alilipa maji ya nani? Chagua: ufunguo wa robine ukae kwake, ao akule garanti yake, alale humu bila kukulipa hata kidogo mpaka iishe."

Bwana Adrien, aliyekwisha kuitumia ile garanti na kuanza kuipenda kodi ijayo, aliutoa ufunguo mfukoni kana kwamba anang'olewa jino. Mzee Mathieu akarudi kwa kuku wake.

Asubuhi iliyofuata Vanessa alikuwa uani, bido mpya chini ya robine. Bwana Adrien akatokea na jagi, kwani maji ya mapipa yalikuwa yamegawiwa majirani kwa amri ya nyumbakumi.

"Weye, nipishe."

"Shikamoo, papa," Vanessa akajibu. "Yangu ijae kwanza."

Bwana Adrien akasimama nyuma yake, amelikumbatia jagi lake.