Kijiti au Kioo

Mwezi uliopita nilipita Nkuhungu, ndugu yangu, nikapotea kwenye mtaa niliokulia. Palipokuwa uwanja mtupu sasa pana kuta na mageti. Ule upepo wa Dodoma, uliokuwa ukitumwagia mchanga kwenye mlenda kabla hatujamega tonge la kwanza, siku hizi unatikisa mageti ya watu na kujiendea zake. Nilisimama kwenye kona nikijaribu kukisia nyumba yetu ilikuwa wapi, nikitembea hatua mbili huku na hatua mbili kule, hadi kijana wa dukani akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Simlaumu. Mimi tangu utoto sijui kusimama nikatulia, na mama alikuwa akisema nimezaliwa na siafu miguuni. Ila kuna wiki moja ambayo nyumba nzima ilikuwa na siafu miguuni, na ndiyo iliyonijia pale kwenye kona.

Chanzo kilikuwa vidude viwili vya kusikilizia muziki.

Zilikuwa zama za soko huria, unazikumbuka. Vitu vya Kichina vilimwagika sokoni kama dagaa. Mjomba, kaka yake mama, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na kibanda sokoni mjini, kila akirudi kutoka Kariakoo alikuja na jambo: mara tochi zenye redio, mara viatu vya watoto vinavyowaka taa kisiginoni. Safari hiyo alitoa mfukoni MP3 mbili, akazilaza kwenye mkeka mbele yangu na kaka yangu.

"Zawadi yenu," alisema. "Lakini moja tu. Jumamosi napita kuchukua itakayobaki, ina mteja."

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, urefu wa chaki mpya, ikitumia betri moja ndogo ya dukani. Ilikuwa na redio, na kitufe cha kurekodi sauti. Ya pili ilikuwa bapa na ya kung'aa, na kioo chake kilionyesha hata wanamuziki wakicheza. Ilimeza nyimbo nyingi mno kuliko mwenzake, ila haikuwa na kitufe cha kurekodi, na haikuchajiwa ila kwenye kompyuta, na kompyuta tuliyoijua sisi ilikuwa ya kafe ya intaneti, mjini. Tukaziita Kijiti na Kioo.

Kaka alikuwa sekondari na hakuwa na la kufikiri. Kioo. Alishawaahidi wenzake darasani kuwa wataona miujiza. Mimi ndiye niliyehangaika. Asubuhi nikienda bombani na ndoo nilikuwa upande wa Kijiti, kwa sababu ya betri. Nikirudi, maji yakinimwagikia shingoni, nilishahamia Kioo. Mchana nachambua mchele, mawe na chuya vinabaki, mchele namwaga, akili iko kwingine. Usiku nikajikuta navitaka vyote viwili. "Mchagua nazi hupata koroma," alisema mama, mtu wa Kondoa ambaye sidhani kama alikuwa amewahi kusimama chini ya mnazi.

Tulimpelekea jirani yetu fundi redio atuamulie. Akavigeuzageuza, akavinusa, kweli kabisa akavinusa, kisha akasema Kioo kitampendeza kila mtu na Kijiti kitafanya kazi. Kaka akasema yeye hakutaka kitu cha kufanya kazi, kazi ziko tele nyumbani.

Sasa nikwambie habari za bibi, maana bila yeye huu ungekuwa ugomvi wa watoto tu. Bibi, mama yake baba, alikuwa Msandawe wa kijijini upande wa Chemba. Alikuwa ameletwa kwetu kwa ajili ya kidonda cha mguu, na hospitali ilikuwa imesema wazi: asafishwe mara kwa mara na asiutembelee, ama mguu utakatwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na chumvi. Lugha yake ni ile ya kugongesha ulimi, na nyumbani aliyeijua ni baba peke yake, naye alikuwa dereva wa lori, leo yupo, wiki mbili hayupo. Sisi watoto tulijua kumwambia shikamoo. Akijibu, mazungumzo yamekwisha.

Basi kila asubuhi bibi alifunga vitu vyake kwenye kanga, akajikokota hadi mlangoni akakaa. "Kwetu," alimwambia mama. Mama alimjibu, "Mama, mguu kwanza." Bibi akatazama barabara. Uji wa uwele ukapoa pembeni yake ukafanya utando, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyozidi kula kidogo. Kumpigia simu mdogo wake kijijini hakukuwezekana, maana mtandao ulikuwa haujafika kule. Nilimwogopa, na nilimwonea huruma, na zaidi ya yote nilimwelewa, kwa sababu hata mimi miguu yangu haikutaka kukaa.

Siku moja ya wiki ile nilikuwa nachezea Kijiti, nikamrekodi mama akigombana na kuku aliyeingia jikoni. Nikamwekea bibi hedifoni masikioni. Bibi akasikia, akamtazama mama aliyekuwa kimya anakata mboga, akamtazama tena. Kisha akacheka hadi akashika mbavu. Tangu aje kwetu hatukuwa tumemsikia akicheka.

Mama akaacha kisu. "Na sauti za kwao je?" akauliza.

Kaka alielewa upesi kuliko mimi, na ndiyo maana alikasirika. Alisema zawadi ni zawadi, kwamba bibi atapona na kuondoka, na sisi tutabaki na kijiti cha kuchokonolea masikio. Tukagombana Alhamisi nzima. Mama hakuamua. Alisema kilicholetwa kwa watoto kitachaguliwa na watoto, na baba atakayerudi Jumapili asikute amepokwa mtu haki yake.

Jumamosi asubuhi mlangoni hapakuwa na mtu. Uji upo, kifurushi hakipo. Tulitawanyika mtaani tukiita. Kaka ndiye aliyempata, mbali, karibu na barabara ya mabasi, ameketi juu ya jiwe, kanga imelowa damu mguuni. Alimrudisha juu ya baiskeli ya jirani, yeye akiisukuma, na bibi njia nzima akizungumza naye kwa lugha ambayo kaka hakuielewa hata neno. Alimshusha mlangoni. Aliingia ndani, akakifuta Kioo kwa shati lake la shule, akakirudisha kwenye boksi lake. Mjomba alipopita alimkabidhi kwa mikono miwili. Halafu akaenda nyuma ya choo akakaa huko mpaka jua likazama, nami nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Baba akapeleka Kijiti kijijini, akarudi na sauti ya mdogo wake bibi. Tulikaa wote kumzunguka. Baba akamwekea bibi hedifoni sikio moja, ya pili akaweka sikioni mwake, akabonyeza. Bibi akasikia, uso ukafunguka, akaanza kujibu. Lakini kwao salamu ni safari: unaulizwa ulivyoamka, unajibu kwa kituo, unaulizwa mguu, wajukuu, mvua, na kila swali lina jibu lake refu ambalo lazima lisubiriwe. Bibi alikuwa bado kwenye jibu la kwanza na sauti ilishafika kwenye mvua. Akaharakisha, akapotea, akachomoa hedifoni.

Alimwambia baba maneno mengi. Baba akatufasiria: "Anauliza, mdogo wake ameanza lini kumsalimia mkubwa bila kusubiri jibu. Anasema ni dharau."

Usiku ule alifunga tena vitu vyake. Baba hakubishana naye. Lori lilipokwenda tena upande ule alirudi kijijini, akamweleza yule bibi mdogo: uliza, kisha unyamaze mpaka dada yako amalize. Baba alituambia hakuhitaji kueleza mara mbili. Mama mtu mzima yule alikaa na Kijiti magotini, akauliza, akanyamaza akitikisa kichwa kana kwamba anajibiwa, akauliza tena. Alimjua dada yake. Alijua wapi atajibu kwa ufupi na wapi atalalamika.

Kuanzia hapo bibi aliamka, akaomba Kijiti, akasalimiwa. Alijibu kwa sauti, akisimulia, akiteta, pengine akitusema na sisi. Halafu akala uji wake ukiwa wa moto. Kifurushi kilifunguliwa, kanga ikarudi kuwa kanga. Mguu ulichukua muda mrefu, lakini siku alipopanda basi la kurudi kwao alipanda kwa miguu yake miwili, na kaka, aliyebaki na Kijiti chenye nyimbo chache, alimbebea mzigo.

Wote wawili wameshatangulia, bibi na mdogo wake. Baba naye ametangulia, na lugha ile nyumbani kwetu imekwenda naye. Vidude vile havipo tena popote, watoto wangu hawaamini kama watu waliwahi kununua kitu cha muziki peke yake. Lakini kaka aliihifadhi ile sauti, na nilipomweleza nimepotea Nkuhungu akanitumia kwenye simu.

Niliisikiliza jikoni, nimesimama. Bibi mdogo anauliza, kisha kimya, jogoo wa mbali, mtu anakohoa. Ananisubiri. Nikasema, "Salama, bibi." Nafasi aliyoniachia bado ilikuwa ndefu, na mimi sikuwa na neno jingine la kuijaza.