Mpishi asiyegusa chupa aliyeiokoa baa ya Ambondrona

Saa tatu asubuhi, Ambondrona, magharibi mwa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska. Echata Boinali ameketi kwenye kigoda barazani mwa Baa ya Jaotombo, anakunja sambusa. Vidole vyake havisubiri macho. Manda, nyama, kunja, bana, weka pembeni. Mafuta yanaanza kuchemka kwenye karai.

Gari la bia linasimama. Kijana anashusha kreti mbili, anamnyooshea Echata karatasi atie sahihi kwamba mzigo umefika.

"Wenye bia wako ndani," anamjibu bila kuinua uso. "Mimi ni wa sambusa."

Kwa miaka ishirini na miwili amepika kwenye baraza hili na hajawahi kugusa chupa. Haipokei, haioshi, hampelekei mteja. Mlevi akitaka samaki wa kukaanga, huja mwenyewe barazani na sahani yake. Wateja wote wanaijua sheria hiyo, na wageni hufundishwa na wenyeji.

Hata hivyo, miaka mitatu iliyopita baa hii ilipokaribia kubomolewa ili pajengwe vibanda vya kulala watalii, ni mwanamke huyu wa Kiislamu, mwenye asili ya Komoro, aliyesafiri siku mbili kwenda kuiombea.

"Watu walinicheka," anasema. "Wengine walinuna. Lakini mimi najua baa hii inanihusu nini."

Ili kuelewa, lazima kurudi Mahajanga, mji wa bandari wa Madagaska, mwezi wa Desemba mwaka 1976.

Echata alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Boinali, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Familia iliishi mtaa wa Antanimasaja, nyumba ya tatu kutoka kwenye baa ndogo aliyoipanga Jaotombo, mtu wa kabila la Wasakalava kutoka Nosy Be aliyekwenda Mahajanga kutafuta maisha. Hawakuwa marafiki. Boinali hakunywa, na Jaotombo hakuwa na sababu ya kupita kwake. Walisalimiana tu, asubuhi na jioni.

Ghasia dhidi ya Wakomoro zilipozuka, Jaotombo alikuja kugonga mlango wa nyuma.

"Alimwambia baba, 'Leta watoto. Usichukue kitu.' Basi," anakumbuka Echata. "Mama alitaka kuchukua sufuria. Jaotombo akamnyang'anya, akaiweka chini."

Baba, mama, Echata na kaka yake Allaoui, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, walikaa siku nne katika stoo ya baa, nyuma ya kreti za bia zilizopangwa hadi karibu na dari. Siku ya pili kundi la vijana wenye mapanga lilifika mlangoni. Echata aliisikia kila sauti.

"Waliuliza kama ameona Wakomoro. Jaotombo akasema, 'Hapa kuna bia. Ingieni mnywe, leo hamlipi.' Wakaingia. Walikunywa hatua chache kutoka tulipokuwa. Mama alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja. Walikaa mpaka bia ya mbele ikaisha, wakaomba nyingine. Akaja stoo, akachukua kreti iliyokuwa karibu na kichwa cha kaka yangu, akatoka nayo akiwa anacheka nao."

Anaigeuza sambusa kwenye mafuta.

"Kile kicheko chake ndicho kilichotuokoa."

Mji ulipotulia, maelfu ya Wakomoro walisafirishwa kwenda visiwani kwao. Boinali alikataa. Alikuwa amezaliwa Mahajanga. Komoro aliijua kwa jina tu. Jaotombo aliifunga baa yake na kurudi kwao Nosy Be, na familia ile ikapanda naye chombo cha mizigo cha jamaa yake. Wakapokelewa Marodoka, makazi ya zamani ya wafanyabiashara Waislamu karibu na mji wa Hell-Ville. Jaotombo akafungua baa nyingine Ambondrona. Boinali akafa mwaka 1989, bila kurudi Mahajanga hata kutembea.

Mwaka 1994 Echata aliachwa na mume akiwa na watoto wawili. Alimwendea Jaotombo kuomba kazi, lakini si ya kuuza pombe.

"Sikumaliza maelezo. Akasema, 'Baraza ni pana.' Siku iliyofuata nikaleta karai."

Hakudaiwa kodi hata siku moja. Alifagia baraza na kuchota maji. Ndiyo yalikuwa makubaliano. Siku nzuri hubaki na faida ya ariari elfu kumi na mbili hivi. Siku ya mvua hurudi nyumbani na sambusa zenyewe. Kwa karai hilo amesomesha watoto wote wawili mpaka sekondari.

Jaotombo alifariki mwaka 2011. Machi 2013 walikuja watu wawili na kamba ya kupimia, wakachora alama nyekundu kwenye ukuta wa baa. Mtoto pekee wa marehemu, Soazara, fundi cherehani aliyeolewa Mahajanga, alikuwa amekubali kuuza kiwanja chote kwa kampuni kutoka nje. Alishapokea malipo ya awali.

Wanaopita barabarani huona nyumba ya mabati yenye viti vya plastiki. Wakazi wanaona kitu kingine. Kando ya baa inapita njia ya mchanga, na hiyo ndiyo njia ya mwisho ya wenyeji kufika ufukweni katika sehemu hii. Kushoto kuna ukuta wa hoteli, kulia ukuta wa hoteli. Wavuvi hupitisha hapo samaki wao na mashine za boti. Wafanyakazi wa hoteli hupumzika hapo baada ya zamu.

"Soda ya hotelini ninakofagia vyumba inauzwa zaidi ya mshahara wangu wa siku," anasema Rabiata, aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kuitetea baa. "Hapa kwa Jaotombo nakaa, navua viatu, naongea na wenzangu. Sinywi bia mimi. Lakini pakifungwa, nikae wapi? Kwenye ngazi za wazungu?"

Kamati ilikusanya sahihi na alama za vidole 214. Ofisi ya serikali ya mtaa ilizipokea na kujibu kwamba kiwanja ni mali ya mtu binafsi. Katika mkutano uliofuata, wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine wakitaka barabara ifungwe kwa mawe. Echata aliomba kusema.

"Niliwaambia, mwenye kiwanja ni mtoto wa Jaotombo, si kampuni. Kuna mtu aliyekwenda kuongea naye? Hakuna aliyekuwa amekwenda. Tulikuwa tumeandikia ofisi zote isipokuwa yeye."

Rabiata akauliza nani ataenda. Echata akajisikia akisema, "Mimi." Tangu alipoondoka akiwa mtoto, hakuwa amekanyaga tena Mahajanga.

Upinzani mkali zaidi ulitoka nyumbani. Kaka yake Allaoui anafundisha Kurani Marodoka. Habari ilipomfikia, alikuja kwa mama yao, Charifa, ambako Echata alikuwa anafunga begi.

"Baa inataka kufungwa, na Mwislamu anasafiri kwenda kuizuia?" alimuuliza. "Utamwambia nini Mola wako?"

"Nitamwambia naomba njia na baraza, Kaka. Bia wanaijua wenyewe."

"Njia na baraza ya baa!"

Charifa, ambaye sasa ana miaka themanini na moja, alikuwa kitandani amewageuzia mgongo. Alijibu kwa Kikomoro, lugha ya nyumbani, bila kugeuka.

"Allaoui, mwanangu. Ulipolala nyuma ya kreti za bia, hukuuliza kama stoo ni halali."

 Allaoui akaaga, akaondoka. Alfajiri alirudi, akalibeba begi la dada yake mpaka kwenye boti, akalikabidhi, akamwombea dua ya safari.

Tulipomuuliza kuhusu siku hiyo, Allaoui alijibu kwa ufupi. "Pombe ni haramu. Sijabadilisha neno. Lakini dada yangu alikuwa anakwenda Mahajanga peke yake. Mimi mwenyewe nisingeweza."

Nauli ilichangwa. Boti hadi bandari ya Ankify, kisha siku mbili kwenye gari la abiria, barabara ikiwa na mashimo ya msimu wa mvua uliopita. Aliingia Mahajanga mchana. Kabla ya kwenda kwa Soazara, alikwenda Antanimasaja.

Nyumba yao haipo. Baa ya zamani ipo, imekuwa duka la vigae. Muuzaji alimuuliza anataka vigae vya rangi gani.

"Nikamwambia natazama tu. Nikatazama. Stoo ilikuwa ndogo, ndogo sana. Katika kumbukumbu yangu ilikuwa kubwa. Nikajiuliza, watu wanne tulikaaje humu? Halafu nikatoka. Nilikaa kwenye kibaraza cha jirani mpaka mwenye nyumba akaniletea maji. Mmalagasi, mama mtu mzima. Hakuniuliza kitu."

Soazara alimpokea kwa heshima lakini alikuwa ameshaamua. Alizaliwa mwaka 1980, baada ya yote. Aliishi na mume na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga, cherehani ikiwa kwenye chumba cha kulala. Pesa za kiwanja zingemjengea nyumba.

Echata hakumtolea barua ya kamati. Alimsimulia siku zile nne.

Soazara alisikiliza mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani. Aliposikia habari ya vijana wenye mapanga, aliwatoa watoto nje na kufunga mlango.

"Baba hakuwahi kuniambia," alisema mwishoni. "Nilimuuliza mara nyingi kwa nini aliondoka Mahajanga. Alisema biashara ilikuwa mbovu."

Wanawake hao wawili walilia. Lakini machozi hayakumaliza shauri. Soazara alipojifuta uso, alimwambia mgeni wake ukweli.

"Dada, nashukuru. Umenipa baba ambaye sikumjua. Ila hadithi hii hainijengei nyumba. Wanangu wanalala sakafuni."

"Nilimpenda kwa kusema vile," anasema Echata sasa. "Angenikubalia kwa machozi, angejuta kesho yake. Nikamwambia, basi tukae tutafute."

Walikaa siku tatu. Wakapiga simu kwa Rabiata, Rabiata akaitisha kamati, kamati ikapiga simu tena. Kampuni ilikasirika, ikatishia mahakama, kisha ikakubali kugawana kiwanja kwa kuwa ilihitaji zaidi upande wenye kivuli cha minazi. Mkataba ulitiwa sahihi Agosti 2013. Kampuni ilichukua nusu ya nyuma, na Soazara akapata pesa za kuanza ujenzi. Baa, baraza na njia ya ufukweni vimekodishwa kwa chama cha wakazi kwa miaka kumi na mitano, kodi ikilipwa kila mwezi kutokana na mauzo na michango.

Haukuwa ushindi mtupu. Uwanja wa nyuma, ambako vijana walicheza mpira na harusi nyingi zilifanyika, sasa una vibanda sita vya watalii na uzio. Baadhi ya wakazi wanaona Echata alitoa nyingi mno. Mvuvi mmoja hajamwamkia tangu siku hiyo. Harusi ya binti yake ilikuwa imepangwa ifanyike uwanjani hapo.

"Ana haki ya kununa," anasema Echata. "Mimi sikwenda na jeshi. Nilikwenda na begi."

Chama kilimpa nafasi katika kamati ya uendeshaji wa baa. Alikataa kwa sababu ya kazi ya kuhesabu chupa. Wakampa usimamizi wa njia: kuhakikisha haifungwi, haijengwi, haijazwi takataka. Kazi hiyo anaifanya kwa ukali. Wakati tunazungumza, dereva wa hoteli jirani anaegesha pikipiki katikati ya njia. Echata anainuka na mwiko mkononi, na pikipiki inahamishwa kabla hajafika.

Mchana umekaribia. Rabiata anakuja na sare yake ya kazi, anavua viatu, anachukua sambusa mbili na kukaa sakafuni. Wavuvi watatu wanapita na ndoo. Ndani, mtu anacheka kwa sauti na mwingine anamwambia apunguze, Bi Echata ana mgeni.

Mkataba utaisha mwaka 2028. Chama kinaweka akiba ili kuinunua sehemu iliyobaki kabla ya mwaka huo, na Soazara ameahidi kwa maandishi kwamba wao ndio watakaoulizwa kwanza. Echata hajui kama watafikisha. Anasema atakuwa na miaka sitini na moja, na kwamba watu wazima wa umri huo wapo wengi wanaofanya kazi.

Mpango wake wa karibu ni mdogo zaidi. Ameomba kipande kando ya baraza ili ajenge jiko lake, lenye paa lake. Mabati nane tayari yako nyumbani Marodoka. Anataka likamilike kabla ya Ramadhani, auze futari: sambusa, samaki, wali wa nazi, uji. Fundi amemshauri mlango uelekee barabarani, ambako wateja ni wengi. Yeye amekataa. Mlango utatazama njia ya ufukweni, mbali na mlango wa baa, mahali ambapo mtu akisimama haoni hata chupa moja.

Tunamuuliza kwa nini akubali kupoteza wateja wa barabarani.

Echata anaitoa sambusa ya mwisho kwenye mafuta, anaiacha ichuruzike.

"Nina kaka Marodoka," anasema. "Miaka ishirini na miwili anakula sambusa zangu nyumbani kwa mama, zikiwa zimepoa. Nataka akose kisingizio."