Nafula, Aliyeliona Jiwe la Mama

Siamini hadi saa hii. Asubuhi nimepigiwa simu kutoka kwake Matisi: Nafula ametuacha. Nikajibu, "Sawa, asante," kama mtu aliyeambiwa stima imepotea.

Sijalia. Nimekaa tu, sijui nangoja nini.

Wengi wenu hamkumjua. Miaka ya themanini alikuwa radiographer wetu, mpiga picha za X-ray, hospitali ya Bungoma. Mimi nilikuwa darkroom, naosha filamu zake.

Siku hizo kupiga picha ya nyongo ilikuwa kazi! Mgonjwa anameza jioni vidonge vya dawa ya kuonyesha nyongo, asiguse mafuta yasije yakaikamua, kesho yake ndiyo anapigwa picha. Lakini kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Jamaa wanaleta kuku wa mchuzi, na picha inatoka tupu.

Nafula hakuwa anagomba. Anauliza tu, "Kuku alikuwa mtamu?"

Halafu ile tabia yake. "Vuta pumzi. Shika." Anapiga picha, anasahau kusema "pumua". Mzee mmoja alishika mpaka macho yakamtoka. "Madam, si useme basi, nitakufia hapa!" Tulicheka wiki nzima.

Miaka ya tisini zamu ikafika kwa Mama yangu. Macho ya manjano, mwili unamwasha. Picha yake pia ikatoka tupu.

"Mama, ni kuku?"

"Kuku gani, na hata uji unanishinda?"

Hapo Nafula hakucheka. Ndugu zangu walishasema tumrudishe Mama nyumbani akafie kwake. Yeye akaniambia, "Wekesa, bana, mrija wa nyongo umeziba, ndio maana dawa haifiki. Kitale wameleta ultrasound. Kesho tunaenda."

Kumbe siku zake za off alikuwa akienda huko kujifunza ile mashine. Hatukujua.

Akampaka Mama ile jelly baridi, akatembeza kifaa tumboni. Kisha akaniita nione kwenye skrini: mrija umevimba, na jiwe dogo limekaa ndani. "Huyu si wa kuzikwa. Ni wa kupasuliwa."

Mama akapasuliwa. Akala kuku miaka mingine ishirini.

Na mimi, kila Krismasi nasema nitapita Matisi nimshukuru vizuri. Sikupita. Hiyo inaniuma kuliko yote.

Nafula, tangu asubuhi nimeshika pumzi, nangoja ile sauti yako iseme "pumua". Umesahau tena.

Lala salama, dada yangu. Hii pumzi nitajaribu kuitoa mwenyewe.